Askari hakuwa wako: jibu kwa msomaji wa Katuba kuhusu RP

Swali: "Yaya, salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Rafiki yangu ameniingiza katika kundi la WhatsApp ambamo watu wanaandika hadithi pamoja, kila mmoja na mtu wake. Wao wanaita RP. Hadithi yao inatokea hapa hapa kwetu mwaka 1941, wakati wa mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi. Waliniomba fishi, yaani karatasi ya maelezo, nikatuma jina langu, mwaka wa kuzaliwa na picha, wakasema siyo hiyo. Kisha mtu mmoja akaandika kwamba askari amemzuia Kabwe wangu kwenye lango la kambi na kudai karatasi. Nikajibu: 'Kabwe akampiga askari ngumi moja, askari akaanguka, Kabwe akachukua bunduki, watu wote wakamshangilia.' Admin akafuta ujumbe wangu na mwenye askari akakasirika. Hakuna aliyenieleza. Hii kitu inaendeshwa namna gani, na nimekosa wapi?"

Jibu:

Mdogo wangu, askari yule hakuwa wako. Kosa lako kubwa liko hapo, na si kosa la aibu. Karibu kila anayeanza hulifanya, maana tangu shule ya msingi tumezoea kutunga hadithi peke yetu, na anayetunga peke yake ndiye mwenye kila mtu aliyemo ndani. Katika RP wewe una mtu mmoja tu. Kabwe ni wako: maneno yake, mikono yake, hofu yake, hata makosa yake. Askari ana mwenyewe, ambaye labda alikuwa Kampemba au Ruashi akisubiri kujua Kabwe atasema nini langoni. Akafungua simu, akakuta mtu wake ameshapigwa, ameshaanguka, ameshanyang'anywa bunduki, na yeye hakuulizwa lolote. Ungekuwa wewe, ungekasirika pia.

Ninaendesha hadithi za namna hii, na ninaamini waliokupokea walipaswa kukueleza kabla ya kufuta. Basi nieleze mimi.

RP ni kuigiza kwa maandishi. Watu kadhaa wanakubaliana juu ya mahali, wakati na hali. Kila mmoja anabuni mhusika. Kisha wanaandika kwa zamu, ujumbe kwa ujumbe, wa pili akijibu alichoandika wa kwanza. Hakuna mtu mmoja anayejua mwisho. Watazamaji pia hakuna: wanaoisoma hadithi ni wale wale wanaoiandika. Ndiyo maana ujumbe wa RP haupimwi kwa utamu wa lugha peke yake. Unapimwa kwa kile unachomwachia mwenzako cha kufanya.

Sisi watu wa Lubumbashi hatuna haja ya kuliona jambo hili kuwa geni. Kundi la Mufwankolo limeigiza kwa Kiswahili cha mji huu, kwenye redio na televisheni, na kazi yao haikutegemea maneno yaliyoandikwa tayari. Mwaka 1986 walichukua msemo mmoja tu, ule unaosema utawala huliwa mzima, wakauzungumza, wakaubishania, wakagawana nafasi, wakajaribu tukio moja baada ya lingine mpaka igizo likakamilika na kurekodiwa kwa televisheni. Kila mwigizaji alijua yeye ni nani na tukio linaelekea wapi. Maneno yenyewe yalizaliwa katika kujibizana. Hiyo ndiyo kazi mnayoifanya ninyi kwenye simu, ila ninyi hamwonani nyuso na jibu linaweza kuchelewa hadi kesho. Kwa sababu hamwonani, mnahitaji kanuni ambazo waigizaji wa jukwaani wanazimaliza kwa kutazamana tu machoni.

Kwa upande wa maandishi, mchezo huu una mizizi yake kwingine. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji ana mhusika na mtu mmoja anasimamia ulimwengu wote. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw alianzisha programu iitwayo MUD, na Richard Bartle akaiendeleza: watu wengi kwa pamoja ndani ya ulimwengu ambao ulikuwa maandishi matupu. Intaneti ilipoenea, watu wakaanza kuandikiana hadithi polepole, ujumbe mrefu kwa ujumbe mrefu, na Wafaransa walilipenda sana jambo hilo. Sisi tunaosoma Kifaransa tumepokea maneno yao, ndiyo hayo unayoyaona katika kundi lenu: RP ni kila kilicho ndani ya hadithi, HRP ni kila kilicho nje yake, MJ ni msimamizi wa mchezo, PNJ ni mhusika asiye na mchezaji wake, anayeendeshwa na MJ.

Turudi langoni, maana hapo ndipo pa kujifunzia.

Soma tena ulichoandika. "Kabwe akampiga askari ngumi moja": hapo umeamua kwamba ngumi imefika. "Askari akaanguka": umeuamulia mwili wa mtu mwingine. "Kabwe akachukua bunduki": umemnyang'anya mwenzako kitu ambacho labda alikiandika kwenye fishi yake. "Watu wote wakamshangilia": ndani ya hao wote wamo wahusika wa wenzako, na mmoja wao huenda ni kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, anayemwogopa askari kuliko kifo, mwingine ni mke wa Kabwe ambaye angepiga ukelele wa hofu. Sentensi moja, na umeingia katika nyumba za watu wanne au watano bila hodi. Zaidi ya hapo, umelimaliza tukio. Askari yuko chini, bunduki imechukuliwa, watu wameshangilia. Mwenye askari ajibu nini? Aandike kwamba ameamka na kwenda nyumbani?

Sasa tazama tukio lile lile likiandikwa hivi:

"Kabwe aliliweka kapu la posho chini, polepole, unga usimwagike. Tangu Jumatatu alikuwa akidaiwa karatasi kwenye lango hili hili, na kila mara aliitoa. Leo mkono haukwenda mfukoni. Alimfikiria mtoto aliyemwacha analia, akatazama lile kapu ambalo lilikuwa jepesi kuliko la wiki iliyopita, akapiga hatua moja mbele. Ngumi ikamtoka kuelekea shavu la askari kabla mwenyewe hajajua kama ameamua."

Imeishia hapo. Ngumi iko hewani. Mwenye askari sasa ana mambo mengi ya kuchagua. Anaweza kupigwa na kuanguka. Anaweza kukwepa na Kabwe akajikwaa kwenye kapu lake mwenyewe. Anaweza kuidaka ngumi, akamtazama Kabwe, akamwambia kwa sauti ya chini aokote chakula chake aende, kwa sababu na yeye ana mtoto. Hilo la mwisho usingelifikiria peke yako, na huenda ndilo lingekuwa tukio ambalo kundi zima lingelikumbuka. Kwa hiyo andika anachojaribu Kabwe, andika kinachompita moyoni, na matokeo juu ya mtu wa mwenzako mwachie mwenzako.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo wengi hawalioni. Ukiandika "askari aliyemdharau Kabwe siku zote", umeshampa mwenzako moyo ambao hakuuchagua. Andika "Kabwe aliamini askari huyu anamdharau". Kabwe anaruhusiwa kukosea kuhusu watu. Wewe huruhusiwi kuwaamulia.

Kanuni hii ina upande wa pili, na watu wengi hupenda kuusahau. Mwenzako akikuachia ngumi hewani, usiikwepe kila mara. Mchezaji ambaye mtu wake hapigwi, hadanganywi, hashindwi hoja, hachoki, hatongozeki wala haogopi, baada ya muda hakuna anayetaka kuandika naye. Mtu wako akipigwa kofi zuri, pokea kofi. Andika jinsi sikio linavyolia, jinsi aibu ilivyomwingia mbele ya watu. Kushindwa kwa namna nzuri ni ufundi, na mimi nikitafuta mtu wa kuandika naye huangalia hilo kabla ya kuangalia sarufi yake.

Mkishindwa kukubaliana, ndipo MJ anaingia. Makundi mengine hutumia kete: kwenye Telegram ukituma emoji ya kete inatoa namba yenyewe bila mtu kuichagua, na wengine hutumia programu maalumu kwenye Discord. WhatsApp haina kitu hicho, kwa hiyo MJ hurusha kete nyumbani kwake na mnamwamini. Kete zinafaa kwa vita na bahati. Kwa mazungumzo kati ya mtu na mkewe kuhusu mgomo, sioni zinafanya nini.

Kuhusu fishi. Waliyokuomba ni fishi ya Kabwe, na wewe ukatuma ya kwako. Kabla hujafanya lolote lingine, futa picha yako na mwaka wako wa kuzaliwa kama bado vinafutika. Katika kundi la WhatsApp wanachama wote wanaweza kuona namba yako, na ukiongeza picha na umri umempa mgeni asiyejulikana mwanzo mzuri wa kukufuatilia. Watu wengi wa kundi lile ni watu wema. Hata hivyo hawahitaji kujua unakaa barabara gani ili kuandika na Kabwe.

Fishi ya mhusika inasema jina, umri, sura, kazi, alikotoka, anaishi na nani, anaweza nini. Hayo kila mtu hujaza. Yanayoisimamisha hadithi ni mengine mawili: anataka nini, na nini kinamzuia. Kabwe anayetaka "haki" bado hajawa mtu. Kabwe anayetaka mshahara uongezwe kwa sababu vita vya Ulaya vimepandisha bei ya nguo na chakula, lakini anaogopa kufukuzwa kambini maana nyumba ni ya kampuni, huyo akisimama langoni tayari ana hadithi. Mpe pia kasoro ya kweli. "Anapenda watu kupita kiasi" si kasoro, ni sifa iliyovaa koti. Hasira ya haraka ni kasoro. Kutojua kusoma ni kasoro kubwa mno katika mji wa karatasi. Deni kwa mwenye duka ni kasoro ambayo mchezaji mwingine anaweza kuitumia dhidi yako, na utashukuru akiitumia.

Kwa kuwa hadithi yenu iko mwaka 1941, fishi lazima ikubaliane na mwaka huo. Mji huu ulianzishwa 1910, hivyo Kabwe mwenye miaka thelathini na mitano hawezi kuwa amezaliwa hapa. Ametoka mahali, na hapo alipotoka kuna lugha, kuna mama, kuna sababu ya kuondoka. Akitoka Kasai, reli ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, ilikamilika 1928, basi akija kijana baada ya hapo anaweza kuja kwa treni. Anaweza pia kuwa ametoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, au Ruanda-Urundi, maana kampuni iliajiri watu wa huko pia. Mji unaitwa Élisabethville, na utaitwa hivyo mpaka 1966. Kamalondo inaitwa Cité Albert. Na Katuba yako, mdogo wangu, haijajengwa bado. Usimlaze Kabwe huko. Simulia posho, yaani chakula ambacho kampuni iliwagawia wafanyakazi wake, simulia kapita na mkuu wa kambi. Ukiwa huna uhakika na kitu, waulize wazee kabla ya kuandika. Lubumbashi bado ina watu waliolelewa katika nyumba za kampuni na waliosikia habari hizi kwa baba zao, na swali moja kwa babu jirani litakupa kitu ambacho hakuna mwingine kundini anacho.

Sasa jambo gumu, na katika hadithi yenu ni gumu kuliko kawaida. Wewe unajua yaliyotokea tarehe 9 Desemba 1941. Unajua wafanyakazi walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, askari wakawapiga risasi, makumi ya watu wakafa, na Léonard Mpoyi aliyekuwa akiwasemea akauawa. Kabwe hajui. Kwenye lango, siku chache kabla, Kabwe anafikiria unga. Ukimwandika anakataa kwenda uwanjani kwa sababu "moyo wake ulimwambia", umemkopesha Kabwe elimu yako, na wenzako wataliona hilo mara moja. Ni hivyo hivyo kwa siri ndogo: ukisoma katika ujumbe wa mwenzako kwamba kapita anapeleka majina ya wagomaji kwa mkuu wa kambi, wewe umejua, Kabwe bado. Mpaka amwone, au aambiwe, au akute kitu, Kabwe anaendelea kumsalimia kapita na kumgawia tumbaku. Uchungu wa hadithi hii uko hapo, kwamba mkono wako unamwandika mtu akielekea mahali unapopajua wewe.

Kwa sababu hiyo hiyo, Mpoyi asichezwe na mtu yeyote kama mhusika wake binafsi. Alikuwa mtu wa kweli, na alikufa kweli katika mji huu. Makundi yenye adabu humwacha mtu kama huyo mikononi mwa MJ, aonekane kwa mbali, aseme machache yanayojulikana, asitungiwe mapenzi wala woga ambao hakuna ajuaye kama aliwahi kuwa nao. Kama kundi lenu bado halijaliamua hilo, pendekeza.

Kuhusu namna ya kuandika sina mengi. Nafsi ya tatu na wakati uliopita ndiyo desturi ya makundi mengi, kama ulivyofanya. Maneno ya HRP hutiwa ndani ya mabano mawili mawili ili mtu asidhani ni Kabwe anayeuliza kama mtandao umerudi, na makundi yaliyojipanga hufungua kundi la pili kwa ajili ya mazungumzo ya nje tu. Wengine wamezoea kutia vitendo ndani ya nyota. Kwenye WhatsApp nyota hugeuza herufi kuwa nzito, na ukurasa mzima wa herufi nzito unachosha macho, kwa hiyo tumia mistari ya chini kwa mawazo, yageuke herufi za mlalo, na vitendo viandike vya kawaida. Urefu fuata wa wenzako: akikuandikia aya mbili, sentensi moja ni kama kumnyima kiti, na kurasa tatu ni kumfungia mlango. Lugha fuata ya mhusika. Msimulizi akitumia Kiswahili sanifu, Kabwe akiongea aongee kama watu wa Lubumbashi wanavyoongea, na mkuu wa kambi avunje Kiswahili chake jinsi wazungu wa kampuni walivyokivunja. Kundi ambalo watu wote wanaongea kama mtangazaji wa redio halina masikio.

Pia nukuu ujumbe unaoujibu. Katika kundi la watu ishirini, matukio matatu yanaweza kuwa yanaendelea kwa pamoja: langoni, kwenye foleni ya posho, na nyumbani kwa mke wa Kabwe. Bila kunukuu, jibu lako la langoni litaonekana limesemwa jikoni. MJ mzuri hufungua kila onyesho kwa ujumbe unaotaja mahali, siku na waliopo, akaubandika juu.

Kumbuka kwamba admin na MJ wanaweza kuwa mtu mmoja lakini kazi ni mbili. Admin analinda kundi: anaingiza watu, anatoa watu, anazuia matusi. MJ analinda hadithi: hali ya hewa, PNJ, umati wa watu, matokeo ya mambo yasiyo na mwenyewe. "Watu wote wakamshangilia" ilikuwa kazi yake. Ungeweza kumwuliza kwenye HRP: umati ungefanya nini? Hapendi kuulizwa? Basi si MJ.

Sasa hasira ya mwenye askari. Mimi ningeiangalia kwa upole, maana katika hadithi kama hii kuna mtu amekubali kubeba mzigo ambao wengine wameukwepa. Yeye amekubali kuwa askari wa mkoloni langoni ili Kabwe wako awe na lango. Bila yeye hakuna tukio. Watu wakianza kumchukia nje ya hadithi kwa matendo ya mtu wake, ataacha, na mtabaki na mashujaa watupu wasio na wa kupambana naye. Nimeona makundi yakivunjika hivyo: ugomvi wa wahusika unavuka, unakuwa ugomvi wa watu, kisha unaingia kanisani na mtaani. Tukio kali linapomalizika, andikianeni kwenye HRP. Mwambie ilikuwa nzuri. Mwulize kama yuko sawa. Ni jambo dogo na ndilo linaloshikilia kundi.

Makubaliano mengine yafanywe kabla, si baada. Mtu aseme mapema asichotaka kuandikiwa, kwa mfano kuteswa au kubakwa kwa mhusika wake, na wengine waheshimu bila kudai sababu. Katika nchi yetu sababu inaweza kuwa ya kweli na ya karibu sana. Katika kundi mnaweza kuwa na mtu ambaye ndugu zake wako Goma au Bukavu, na ukurasa wa milio ya risasi kwake hauna ladha ya hadithi. Wekeni neno moja ambalo yeyote akiliandika, onyesho linasimama hapo hapo. Mapenzi ya wahusika yaishie mlangoni pa chumba, na asubuhi ifuate. Kama kundi lina watoto wa shule, mapenzi kati ya mhusika wa mtu mzima na mhusika wa mtoto yasiwepo kabisa, hata mhusika mwenyewe awe na miaka arobaini kwenye fishi. Mtu mzima akikuomba muendeleze hadithi faraghani, wawili tu, na anasisitiza mwingine asijue, mwambie admin siku hiyo hiyo.

Mega, yaani data ya intaneti, na umeme, navyo mvitaje kwenu wazi. Maandishi hayali mega nyingi, picha na sauti ndizo zinazokula, na hilo ni moja ya sababu RP imewafaa watu wa mji huu. Andika ujumbe wako kwanza mahali pa kuhifadhi maandishi kwenye simu, bila mtandao, usome mara mbili, kisha uutume umeme na mtandao vikiwepo. Ukijua utakosekana wiki nzima kwa mitihani au kilio, sema kwenye HRP na umwondoe Kabwe kwa njia inayoeleweka: amepelekwa kazi ya usiku, amelazwa na homa. Mhusika aliyeachwa amesimama katikati ya lango bila habari anawafunga wote waliokuwa naye.

Sasa la kufanya leo. Tuma kwenye HRP ujumbe mfupi, usijitetee: "((Samahani kwa mwenye askari, nilimchezea mtu wako. Sikujua. Nitaandika upya, niambie kama sehemu yoyote haikufai.))" Kisha jaza fishi ya Kabwe, ukianza na anachotaka na anachokiogopa, umpe MJ aisome. Kisha andika upya langoni, uache ngumi hewani, au usiitupe kabisa. Mtu anayeshika karatasi mfukoni bila kuitoa naye ni tukio.

Jibu likichelewa, usiandike ujumbe wa pili juu ya wa kwanza kumsukuma. Subiri siku mbili tatu, umwulize kwa wema kwenye HRP. Bado kimya? Mwombe MJ akuhamishie Kabwe kwenye onyesho lingine, na mimi ningechagua foleni ya posho: kila mtu wa kambi ana sababu ya kuwepo pale, kila mmoja ana la kulalamikia, na mgeni anaweza kuingia katika mazungumzo kwa kuuliza tu kama leo wamepunguza unga tena.